Maziwa ya Mika

Dorkasi alikuwa na kitu ambacho wanawake wenzake wa nyuma ya soko la Lushoto hawakuwa nacho: friji. Hakuinunua. Kwa miaka kumi na mmoja alimpikia na kumfulia muuguzi mmoja wa misheni, na yule bibi aliporudi kwao Ulaya, mwaka sitini na nane, alimwachia friji yenye kutu miguuni pamoja na maneno machache ya kuitunza. Chemsha kwanza. Usiweke kitu cha moto. Umeme ukikatika usifungue mlango, maana baridi ikishatoka hairudi. Dorkasi, aliyeishia darasa la nne, aliyashika maneno hayo kama alivyoishika katekisimu.

Miaka mingi friji ile ilikaa na maji ya kunywa tu, na siagi kidogo wakati wa Krismasi. Rehema, muuza mboga wa mlango wa pili, alikuwa akimtania.

"Lushoto hii tunalala na mablanketi mawili, wewe umeweka baridi nyingine kabatini. Unamngoja nani?"

Kumbe alikuwa akimngoja Mika.

Klara, binti wa pekee wa Dorkasi, alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, Desemba ya mwaka sabini na nne. Aliacha mtoto wa kiume, mdogo kama mkate. Baba wa mtoto, Paskali, alikuwa amehamia kijiji kipya cha ujamaa huko Handeni pamoja na mama yake, Secilia. Alikuja kuzika. Baada ya matanga alikaa mbele ya Dorkasi, kofia mkononi.

"Mama, mtoto ni wetu. Lakini kule tulikohamishiwa hata ng'ombe hatuna. Kaa naye. Ila akiugua tutamchukua, ukoo usije ukasema nilimtupa mwanangu."

"Hataugua," Dorkasi alisema. Kisha akaogopa alivyosema, kama mtu aliyemwahidi Mungu kitu kisicho chake.

Maziwa ya kopo yalikuwa yametoweka madukani. Ukame ulikuwa umewakausha ng'ombe wa mjini, na kidogo kilichopatikana kilikwenda hospitali. Lakini kaka yake, Hezekia, alikuwa na ng'ombe mmoja kule Mlola, naye alituma dumu kwa basi kila Jumanne na Ijumaa. Dorkasi aliyachemsha, akayatia kwenye chupa ambazo nazo alizichemsha, akazipanga kwenye friji, akafumba macho akaomba. Mtoto akajaa mashavu. Ikawa miezi minne.

Jumanne moja ya masika, maziwa yakiwa yameshapoa, taa ilizimika. Mlima ulikuwa umeporomoka njia ya Mombo na kuzilaza nguzo za umeme. Dorkasi alimfuata fundi mmoja aliyekuwa akipita na ngazi begani.

"Baba, utarudi lini?"

"Nguzo zinatoka Tanga, mama. Na barabara imefungwa. Hesabu wiki, ukipenda hesabu mbili."

Hakulia. Aliifunika friji kwa mablanketi yake yote mawili. Juu kabisa mle ndani kulikuwa na donge la barafu kubwa kama tofali, na akajua kwamba akifungua mara moja tu kwa siku, alfajiri, atoe chupa za kutwa, maziwa yatamfikisha Ijumaa, dumu jingine lije, maana njia ya Mlola haikuguswa. Kila chupa ataichemsha tena kabla ya kumpa mtoto. Jumatano alfajiri alifungua, akatoa, akafunga. Ndani kulikuwa bado na baridi ya kuuma vidole. Akasema, "Asante, Bwana."

Saa nne asubuhi hiyo hiyo Secilia akabisha hodi. Alikuwa amepanda milimani kabla barabara haijafungwa, akafikia kwa ndugu zake Gare, na sasa alikuja kumwona mjukuu pamoja na wanawake wawili wa kwao. Kichwani alikuwa na sufuria iliyozungushiwa majani ya mgomba.

"Mkwe wangu, hujambo?"

"Sijambo, mkwe. Karibuni, karibuni ndani."

Secilia alimpakata Mika, akampima kwa mikono, akacheka kwa furaha. "Amenenepa kama padri! Hebu niwaonyeshe wenzangu huyo ng'ombe wa chuma anayemnyonyesha."

Kabla Dorkasi hajanyanyuka, mablanketi yalikuwa chini na mlango wazi. Wale wanawake walitia mikono, wakashangaa, wakaitana. "Njoo ushike!" Mlango ukafungwa. Ukafunguliwa tena, kwa sababu mmoja hakuwa ameona vizuri ile barafu.

"Mkwe," Dorkasi alisema taratibu, "umeme haupo. Tukifungua sana..."

"Ndiyo, ndiyo, nafunga. Ngoja kwanza niweke na nyama." Akaiinua ile sufuria, mvuke ukitoka pembeni mwa majani. "Kulikuwa na arobaini huko Gare, nikasema mkwe wangu nisimwendee mikono mitupu. Haitaharibika humu, si ndiyo kazi yake?"

Akaisukuma katikati ya chupa.

Neno lilimfika Dorkasi mdomoni. Lakini kwao zawadi ya mkwe haikataliwi, na aliyeileta akishaiweka mahali, mwenyeji haiondoi mbele ya macho yake. Kuiondoa ni kumwambia chako ni kichafu. Tena huyu ndiye aliyekuwa na haki ya mtoto. Wanawake wale wangerudi na kusimulia Gare nzima jinsi nyama ya bibi wa mtoto ilivyotupwa nje. Alisimama pale, kanga mdomoni, akasema, "Asante, mkwe. Mungu akubariki."

Wageni walikaa mpaka saa kumi. Wenzake wakaondoka, Secilia akabaki. Alisema atalala siku mbili tatu acheze na mjukuu. Alipokwenda chooni tu, Dorkasi aliichomoa sufuria. Donge la barafu lilikuwa maji. Chupa zilikuwa vuguvugu kama mtu mwenye homa. Alizitia kwenye ndoo, akazipeleka kijitoni, akazizamisha kwenye maji ya mlimani kama mama yake alivyokuwa akifanya na vibuyu. Lakini kwa mvua zile kijito kilikuwa tope tupu, hakikupoza kitu.

Alhamisi alizichemsha moja moja. Ya kwanza ikakatika mapande. Ya pili pia. Ya tatu. Ya mwisho haikukatika. Aliinusa, akamwita Rehema ainuse.

"Mimi nasikia moshi tu," Rehema alisema. "Mnyime basi."

"Nimnyime nimpe nini?"

Mika alikuwa analia tangu alfajiri. Maji hakuyataka. Dorkasi alipiga magoti jikoni, akaomba, akampa.

Ijumaa dumu lilifika kutoka Mlola, lakini mtoto hakuzuia tena kitu tumboni. Hospitali walimpa dawa, wakasema bahati amewahiwa. Secilia aliosha nepi zote kwa mikono yake, hakusema neno la ukali. Hilo ndilo lililomtisha Dorkasi.

"Mkwe," Secilia alisema jioni, "barabara kesho wanaifungua. Nitashuka naye."

"Ilikuwa ule mlango," Dorkasi alisema. "Ilikuwa ile sufuria, mkwe."

Secilia alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mfiwa anayetafuta wa kumlaumu. "Nyama si tumekula sote? Nani ameugua?"

Dorkasi akaanza kukunja nepi.

Jumamosi alimbeba mwenyewe mpaka kwenye basi la Mombo. Mika alikuwa mwepesi tena, kama wiki ile aliyozaliwa. Alimfunga mgongoni mwa Secilia, akakaza fundo, akalilegeza, akalikaza.

"Maji yake, mkwe. Tafadhali uyachemshe kila siku. Usichoke."

"Kuni kule zipo nyingi," Secilia alisema, akipanda ngazi. "Maji ndiyo hatuna. Tunayafuata nusu siku."