Niliagizwa Niwarudishe Sisimizi Ndani ya Kompyuta

Mashine ya kukandia unga ilijiwasha yenyewe, na mkono wa mama mkwe wangu ulikuwa ndani.

Tulieni. Mkono upo, jana tu umenipakulia chakula.

Aliuchomoa kwa kasi ambayo sikujua bado anayo. Ila mwiko aliokuwa anakwangulia unga ulibaki mle. Ukatafunwa kama karanga.

"Nani kabonyeza?" akauliza.

Hakuna aliyebonyeza. Karibu na kompyuta hakukuwa na mtu hata mmoja.

Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha biskuti. Mama mkwe ndiye mwendeshaji wa mashine ya kukandia, na alikuwa pale kabla sijamjua binti yake. Wote wanamwita Mama. Mimi pia, ila mimi nikimwita nainamisha kichwa kidogo. Heshima ni heshima, hata ukiwa na spana mkononi.

Mashine ile inaongozwa na kompyuta iliyopachikwa kwenye mlango wa kabati la umeme. Haina kibodi, haina kipanya. Ni kioo tu. Unagusa "maji", unagusa "sukari", unagusa "anza".

Sasa kile kioo kilikuwa kinajigusa.

Unakitazama hivi, namba zinapanda zenyewe. Mashine inaanza, inasimama, inaanza tena. Watu wakasema kuna jini. Msimamizi wa zamu akawa anavua kofia kila akipita mbele yake. Wengine walikisalimia kabisa, na kama mashine ikinguruma walisema imeitikia.

Tulicheka sana. Lakini siku ya mwiko sikucheka. Nikamfuata Mkurugenzi.

"Bosi, ile kompyuta lazima ishuke, ifunguliwe, isafishwe."

"Ishushe. Ila mashine isisimame."

"Bosi, nitakuwa nashika nyaya."

"Si uzishike taratibu?"

Nikamtazama nione kama anatania. Wapi! Siku hiyo alikuwa na wageni, wanunuzi wakubwa, na alitaka wakute mashine inazunguka.

Nikamwambia umeme haujui mgeni wala mwenyeji. Akapunga mkono kama anafukuza nzi. Mimi nikachukulia kwamba amekubali.

Kwanza nikazima kompyuta yenyewe kwa utaratibu wake. Ukiikata ghafla, siku ya kuamka inaweza isijue hata jina lake. Kisha nikashusha swichi kuu, nikaipiga kufuli, nikaning'iniza kibao: USIWASHE, MTU YUPO KAZINI. Ufunguo mfukoni.

Halafu nikachukua kipima umeme nikagusa nyaya.

"Mbona unapima na umeshazima?" Mama akauliza.

"Mama, kuzima ni maneno. Kupima ndio ushahidi."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyegundua kwamba kumwoza binti yake haikuwa hasara.

Nikapiga picha nyaya zote kwa simu, kila waya nikaubandika alama, ndipo nikazichomoa. Ikabaki kazi moja. Kompyuta ile ni nzito, na vibano vyake viko upande wa nyuma. Lazima mtu aikumbatie kwa mbele wakati mimi navilegeza nyuma, la sivyo inaanguka kifudifudi.

"Nani anishikie?"

Ukumbi ukawa mtupu. Msimamizi akakumbuka ana kikohozi. Nani wa kumkumbatia jini mchana kweupe?

Mama akakunja mikono ya gauni.

"Mimi limeshataka kunila mkono. Tayari tunajuana."

Basi yeye mbele, mimi nyuma. Nikalegeza kibano cha mwisho, akaivuta, na kwenye ule mlango likabaki tundu kubwa la mraba. Mimi upande huu. Mama mkwe upande ule. Macho kwa macho, pumzi kwa pumzi.

Jamani, mimi nimelelewa. Mkwe hamkodolei macho mama mkwe wake. Nikatazama juu. Naye akatazama chini. Kompyuta ikaanza kuteleza.

"Mkwe!" akapiga kelele. "Heshima baadaye! Shika!"

Nikapitisha mikono tunduni nikaidaka. Tukaiteremsha pamoja, tukailaza kifudifudi mezani juu ya blanketi safi, ili kioo kisikwaruzwe.

Ndipo Mkurugenzi akaingia na wageni wake.

"Fundi, washa mashine kidogo waione."

"Haiwezekani, bosi. Nyaya ziko wazi, na anayeiongoza ndiye huyu kalala mezani."

"Lete huo ufunguo."

Mkono wake ukaja mbele. Mimi nina familia, na kazi ni kazi. Nakiri vidole vyangu vilishaanza kuingia mfukoni.

Mama akavuta kiti. Akakiweka mbele ya swichi. Akaketi, mgongo umeegemea kufuli, mikono kifuani.

"Mkurugenzi," akasema kwa sauti ya chini, "mkwe wangu ana mikono miwili tu. Na mwanangu anaihitaji yote miwili."

Mkurugenzi akarudisha mkono wake.

Mgeni mmoja akauliza, "Samahani, na huyu mama ni nani?"

Mkurugenzi akarekebisha tai.

"Huyu ni... ndio mfumo wetu wa usalama."

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akampiga picha.

Nikaendelea na kazi mbele ya hadhira. Nikavaa ule mkanda wa mkononi wenye waya, unaopeleka ardhini umeme mdogo uliomo mwilini mwa mtu. Umeme huo huusikii, lakini unaua bodi ya kompyuta kimyakimya. Nikafungua skrubu moja moja, nikaziweka kwenye kikombe. Nikainua mfuniko wa nyuma.

Mgeni aliyekuwa ameinama karibu akaruka nyuma.

Sisimizi!

Si wawili watatu. Taifa. Walikuwa na barabara. Kwenye feni palikuwa na makaburi. Malkia alikuwa amekaa pembeni ya bodi, penye joto, mnene, ana watumishi. Na ule mpira wa kuzuia vumbi ukingoni mwa kioo ulikuwa umepasuka, wao wakaufanya ghala. Walipakia punje za sukari kwa kuzishindilia mpaka zikawa zinausukuma utando wa kioo kwa ndani. Kioo kikahisi kidole.

Kumbe jini letu lilikuwa akiba ya chakula.

Nikawahamisha kwa brashi laini na mashine ya kunyonya vumbi. Nikasafisha feni, nikabadilisha mpira, nikafunga, nikairudisha mlangoni. Safari hii mimi na Mama tulitazamana bila aibu. Watu wote walipokaa mbali ndipo nikafungua kufuli, nikawasha.

Kioo kikatulia kama maji ya mtungini. Ukigusa "simama", inasimama. Nikapongezwa. Mkurugenzi alinipa mkono ule ule aliokuwa ananidai ufunguo.

Haukupita muda, maboksi yakaanza kurudi.

Wateja walilalamika. Wengine walisema biskuti zetu zimekuwa kama kutafuna kadibodi. Wale wanunuzi wakubwa wakauliza kama tumebadilisha mpishi.

Nikaitwa mkutanoni.

"Fundi," Mkurugenzi akaanza, "ulitoa nini ndani ya ile kompyuta?"

"Vumbi na sisimizi, bosi."

"Warudishe."

Nikadhani sikusikia. "Nani, bosi?"

"Sisimizi. Tangu waingie, biskuti zilikuwa tamu. Umewatoa, utamu umekwisha. Huhitaji shahada kuliona hilo."

"Bosi, si tuongeze tu sukari?"

"Kiasi gani?"

Hapo akanipata. Maana kweli, nani alijua?

"Unaona?" akasema. "Sisi hatujui. Wao walijua."

Watu wazima, wenye tai, wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akauliza kama lazima wawe wale wale au wanaweza kuajiriwa wapya.

Nikarudi nyumbani nimechoka roho. Mama alikuwa amekuja kula kwetu. Nikawasimulia yeye na mke wangu. Mke wangu alicheka. Mama hakucheka. Aliinama akawa anachezea kijiko.

"Mama?" binti yake akamwita. "Mbona umeinama?"

"Sisimizi," Mama akasema polepole, "hawakuongeza sukari."

"Ila?"

"Wao walikuwa wanabonyeza ovyo. Leo wanapandisha, kesho wanashusha. Mimi ndiye nilikuwa napandisha na kuacha hapo hapo. Kila mtu alijua ni jini, kwa hiyo nani angeniuliza? Jini limeondoka, nami nikaacha."

"Kwa nini, Mama?"

Akamtazama bintiye kwa jicho la mtoto aliyenyang'anywa pipi.

"Si wewe! Daktari kasema sukari kidogo, wewe ukaficha kopo zima juu ya kabati. Chai yangu imekuwa maji ya kuoshea vyombo. Nikasema sawa, nikinyimwa kwenye chai, nitaikuta kwenye unga. Na kuonja ni kazi yangu!"

Mke wangu akatazama juu ya kabati, kopo lilipo.

Nifanyeje? Nikisema ukweli, Mama anafukuzwa kazi. Nikirudisha sisimizi, mwiko ujao utakuwa mkono wa mtu.

Mke wangu ndiye aliyeamua. Mama akanitajia kipimo, nami nikakiingiza kwenye kompyuta kiwe ndicho cha kudumu. Kwa sharti kwamba haonji tena, anayeonja ni msimamizi. Mama alisusa chakula jioni ile, kisha akala.

Mimi nikakamata sisimizi kadhaa uani. Nikawatia kwenye chupa ya kioo, nikaifunga vizuri, nikaiweka juu ya kabati la umeme.

"Nimewarudisha, bosi. Ila wanafanya kazi kutokea nje. Ni kwa usalama."

Utamu ukarudi. Mkurugenzi akaagiza chupa isiguswe, na akateua mtu wa kuifuta vumbi.

Ndugu zangu, nililojifunza ni hili. Kabla ya kufungua mashine: zima, piga kufuli, pima, na ufunguo usimpe mtu hata akiwa na tai. Na kabla hujasherehekea kwamba imepona, uliza kwanza nani alikuwa anajilia kimyakimya kwa sababu ya ubovu wake. Anaweza kuwa meza moja na wewe.

Ile chupa mpaka leo iko pale. Sisimizi wenyewe walishakufa zamani, hakuna hata mmoja aliyebaki hai.

Mwezi uliopita ndio waliochaguliwa wafanyakazi bora.