Difu Iliyofungwa Pua

Arbia hufungua nati ya juu kwanza. Kwa miaka kumi na miwili chini ya magari ya Garissa hajageuza utaratibu huo: kabla ya kumwaga oili ya difu, lile bakuli la gia katikati ya ekseli, hakikisha tundu la kujazia linafunguka. Mafundi wenzake humtania kwamba anapoteza muda. Yeye huwajibu kwa neno la baba yake, mchunga ngamia: usimwage maji ya kiriba kabla hujakiona kisima.

Asubuhi hiyo Mahat, dereva wa safari ndefu, aliingia uani na Land Cruiser iliyokuwa ikilia nyuma kama ndama aliyeachwa. Kando yake alikaa Daud, daktari wa mifugo, mgeni kutoka Machakos, amekumbatia sanduku la chanjo. Mbuzi wa Bute, mbali kaskazini kupita Wajir, walikuwa wakifa, na barafu ndani ya sanduku ilikuwa ya siku mbili tu.

"Bima tu, abaayo," Mahat alisema, akimwita dada kwa Kisomali, kabla hata ya kuzima injini. "Bima oili, ongeza, twende."

Daud alishtuka. "Kwani gari halina bima?"

"Anasema pima, daktari. P kinywani mwake huwa b." Arbia alicheka, akifunga ncha za hijabu kisogoni. "Adeer Mahat, ami yangu, hata salamu umeiacha njiani?"

Akaingia chini. Nati ya juu ilikataa. Akachomeka bomba kwenye mkono wa spana, akasema bismillahi, akavuta kwa uzito wa mwili wote. Ikalia, ikakubali. Ndipo akafungua ya chini, na oili ikamiminika kwenye karai: nzito, nyeupenyeupe.

Mahat alichuchumaa kutazama. "Nani amelinywesha gari langu chai ya maziwa?"

"Wewe. Umevuka maji?"

"Laga moja tu, kijito cha mvua, juma lililokwisha. Lakini hayakuingia. Nilifunga."

"Ulifunga nini?"

Kwa fahari ya mtu aliyejiandaa, Mahat alionyesha kijibomba kinachochomoza juu ya ekseli. Alikuwa amekifunga kwa ukanda wa tyubu, mafundo matatu, kama mama yake alivyofunga kibuyu cha maziwa siku ya kuhama.

Arbia alicheka mpaka ovaroli ikatikisika. "Kibuyu hakipumui, adeer. Hii inapumua. Difu ikipata joto, hewa hutanuka. Ikiingia kwenye maji ya baridi, hewa hunywea, inavuta pumzi. Umeifunga pua, ivutie wapi? Imevutia kwenye sili, zile raba za ekseli, palepale penye maji."

Mahat alitazama mafundo yake. "Niliyafunga vizuri lakini."

"Vizuri mno."

Daud aliangalia saa. "Tukijaza tu, tukaondoka?"

"Wajir labda mtafika. Bute, hapana. Nipeni mpaka adhuhuri." Alisema hivyo kama mtu anayetaja jina lake mwenyewe, na Daud akalihamishia sanduku kivulini.

Sumaku ya nati ya chini ilikuwa na unga wa chuma. Arbia aliusugua kati ya vidole: laini kama wanja. Angekuta vipande, angewaambia watafute gari jingine, na siku moja ya barafu ingeyeyuka kwa kutafuta. "Meno ya gia ni mazima," alisema.

Akairudisha nati ya chini, akamimina oili nyepesi ya kuoshea, akainua gari kwa jeki, akazungusha magurudumu, akamwaga tena. Akakata mafundo, akapuliza kijibomba kwa mdomo mpaka vumbi likatoka. Akafunga tena nati ya chini. Kisha akasukuma kwa pampu oili mpya, nzito, nambari tisini, mpaka ikadondoka yenyewe kwenye tundu la juu, tone, kisha tone. Mahat alipowasha gari na kutia gia, Arbia aliweka kiganja kwenye difu. Kilio kilikuwa kimebaki mnong'ono.

"Mkirudi, tunabadilisha sili. Na ukifika kwenye laga, usiingie difu ikiwa moto. Simama, ipoe, ndipo uvuke."

Waliondoka kabla ya adhana.

Kesho yake, baada ya alasiri, simu ililia. Ilikuwa Mahat, na nyuma yake makelele.

"Tumefika Bute! Barafu bado ngumu! Daktari anachanja zizi jingine!"

"Na difu?"

"Nini? Sikusikii, abaayo! Hawa mbuzi wanabiga kelele!"

"Wacha wapige," Arbia alisema, akatia simu mfukoni, akamwomba fundi mwenzake spana.