Neno Refu la Maganga na Mizani ya Urambo

Usiniambie matusi ni matusi tu, mwanangu. Hapo umekosea, na nitakubishia mpaka koo likauke. Yule mama aliyemcheka rafiki yako Shija jana kwenye msiba wa baba yake ni mtani wake. Wewe ukamsukuma mpaka nje, eti unamtetea rafiki. Sikulaumu sana, maana huo moto umeurithi kwangu. Lakini kaa kwanza. Kuna siku moja naikumbuka kama ya juzi, na sijawahi kukusimulia kwa sababu ina aibu yangu.

Ilikuwa Urambo, nchi ina uhuru wa miaka michache tu na kila kijana anatafuta kalamu. Mimi na Maganga tulikuwa wapakiaji kwenye ghala la tumbaku. Wote watu wa Sikonge. Kule kwetu niliwahi kuanguka kutoka kwenye mti nikitoa mzinga wa nyuki, mguu ukavimba kama gogo, na Maganga akanibeba mgongoni kutwa nzima mpaka zahanati. Tangu hapo nikajiapiza kwamba atakayemgusa huyu amenigusa mimi. Yeye mpole, haongei. Mimi nikawa mdomo wake, na mdomo wangu unaujua.

Shule tuliishia darasa la nne. Kiingereza tulijifundisha wenyewe, kwenye makasha, magunia ya saruji na chupa za dawa. Na pale ghalani tulikuwa na mchezo. Mabehewa yakichelewa, karani mkuu, Mzee Pazi, Mzaramo, anachukua chaki anaandika herufi tatu mlangoni. Tutafute neno la Kiingereza lenye herufi zote tatu, zikae popote. Mwenye neno refu kuliko wenzake ndiye bingwa, ila aweze kusema maana yake.

Siku hiyo haikuwa mchezo tu. Mzee Pazi alikuwa anatafuta karani msaidizi, na sote tulijua jicho lake liko kwa Maganga. Akichukuliwa, anashusha marobota ya tumbaku mgongoni, anashika kalamu. Kalamu hiyo nilimtakia yeye kuliko nilivyojitakia mimi.

Mzee akaandika C, B, L.

Nikarukia: "REPUBLIC!" Herufi nane, kifua mbele. Kijana mmoja wa stesheni akasema COMFORTABLE. Kumi na moja. Maganga akainuka taratibu, akaomba chaki, akaandika INCOMBUSTIBLE. Kumi na tatu.

Mzee Pazi akafungua kamusi yake ndogo ya shule. Akatafuta, akarudia. Halimo. Akavua miwani.

"Nyie Wanyamwezi," akasema, "tangu enzi za babu zenu kazi yenu kubeba mizigo kutuletea pwani. Leo mmebeba na maneno ya watu! Maganga, mwizi mkubwa wewe, hili umelikwapua wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikawaka. Utani wa Wazaramo na sisi Wanyamwezi nilikuwa naujua, nani asiyeujua? Lakini niliona ni wa msibani na kilabuni. Nilidhani mahali penye Kiingereza na kalamu, mtu akiitwa mwizi ameitwa mwizi kweli, na kazi ndiyo imekwenda. Nikamnyang'anya mzee kamusi, nikaibamiza chini. Wakulima walikuwa wamepanga foleni na baiskeli zao na tumbaku yao. Nikawageukia.

"Mwizi ni yeye! Mnadhani hii mizani inasema kweli?"

Mwanangu, huo ulikuwa uongo. Sikuwahi kuona mizani ile ikichezewa hata siku moja. Lilitoka tu. Lakini mtu aliyekesha na kuni akikausha tumbaku yake, neno kama hilo humwambii mara mbili. Mmoja akaliondoa robota lake mizanini. Wa pili naye akalikumbatia la kwake. "Leo hatupimi!" Mzee Pazi akaweka chaki chini. Nikaona kazi ya Maganga inakwenda na ya mzee inaifuata.

Hapo Maganga, asiyeongea, akaongea.

"Wewe nani kakuita? Mtani wangu ananitania, unaingia na panga! Hukuniona nacheka?"

Sikumwona. Nilikuwa namtetea mtu ambaye hata usoni sijamtazama.

Nikawaambia wakulima nimesema uongo. Wakaguna tu. Nikapiga magoti kwa mzee. "Shikamoo, baba. Nimekosa." Hakuitikia. Akawageukia vijana wa ghala, akasema, "Leteni mawe."

Wakaleta yale mawe ya chuma ya kuhakikishia mizani. Akayaweka moja moja, na wakulima wenyewe wakisoma. Kila jiwe, mshale unasimama pale pale panapotakiwa. Nikasikia watu wameanza kupumua.

"Sasa wewe. Panda."

"Mzee..."

"Panda, robota!"

Nikapanda. Akanizunguka. Akaninusa kichwa, akanivuta sikio na kulipekecha kwa vidole kama anakagua jani.

"Hili lina maji! Limekaushwa kwa pupa, nje limeungua, ndani bichi. Mtani Maganga, ndiyo mizigo mnayotuletea hii? Daraja la mwisho! Hata ugoro halifai!" Akanichora msalaba mkubwa wa chaki mgongoni, kama robota lililokataliwa.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule mkulima wa kwanza alicheka mpaka akaiegemea baiskeli yake, halafu akalibeba robota lake akalirudisha mizanini. Mwanangu, sijawahi kusikia raha kama ile. Nilikuwa juu ya mizani nacheka na machozi yananitoka.

"Marahaba, mjinga wewe," mzee akaitikia. "Shuka, wenzako wapime."

Kisha akamuuliza Maganga maana ya neno lake.

"Kisichoshika moto," Maganga akasema. "Liko kwenye kasha la zile bodi za dari la ghala."

"Najua. Kasha nililipokea mimi. Na jina lako nimelipeleka ofisini tangu asubuhi. Ningekuwa sikupendi ningekwambia 'vizuri' nikaendelea na kazi zangu."

Maganga akashika kalamu mpaka alipostaafu. Shati lile lenye msalaba sikulifua wiki nzima.

Basi nisikilize. Kumpenda rafiki ni vizuri, endelea hivyo hivyo. Ila kabla hujamrukia mtu kwa ajili yake, mtazame kwanza rafiki yako usoni. Kama ameumia, simama naye mpaka mwisho, hata dunia nzima ikuone mbaya. Kama anacheka, mwache acheke, maana kicheko cha mtani ndicho kinachompa pumzi siku hiyo. Na ukishakosea, ukubali kupanda mizani mbele ya watu wale wale uliokosea mbele yao. Mungu akupe macho ya kuona kabla ya mdomo, akuwekee Shija wako mpaka mzeeke wote, na watani wenu wasikauke.

Shija nilimuuliza leo asubuhi. Aliniambia jana nzima alicheka mara moja tu, na wewe ukamkatiza. Sasa mbona bado umekaa hapa?