Phelista na Ukuta wa Maktaba

Kwa miaka kumi na tisa Phelista Nanjala aliuza mboga za kienyeji katika soko la Kitale, na hakuna aliyejua kwamba mikono ile iliyofunga mafungu ya saga na mrenda iliwahi kufanya kazi nyingine. Mimi nilikuwa mteja wake, tena tulisali kanisa moja, na sikujua.

Alizaliwa Myanga, upande wa Bungoma, katika boma la nyumba za udongo. Huko kwao, kila Desemba kabla wageni wa Krismasi hawajafika, wanawake walikandika kuta upya. Mama yake alikuwa na jina kwa kazi hiyo. Alikoroga udongo na mavi ya ng'ombe, akatafuta udongo mweupe wa mtoni, jivu na masizi, kisha akachora kwa vidole. Phelista alianza kwa kupewa ukuta wa nyuma ya jiko, mahali ambapo makosa hayaonekani. Alipofika miaka kumi na sita, majirani walikuwa wakimwita yeye.

Kisha akaolewa Kitale, katika nyumba ya kukodi ya matofali. Mwezi wa kwanza alichora pambo dogo chini ya dirisha. Mwenye nyumba akaja, akaliangalia, akasema, "Mama, hapa ni mjini. Futa hiyo kitu." Akafuta. Baada ya hapo hakuchora tena, hata mtoto wake wa kwanza, Tonny, alipozaliwa na shangazi zake wakatarajia kukuta nyumba imepambwa.

Mwaka juzi kanisa letu lilijenga maktaba ya watoto. Ramani ilichorwa na Jepchirchir, binti wa Kapsokwony aliyesomea usanifu wa majengo, na kwa kweli alitufanyia kazi nzuri. Chumba kina mwanga, paa limeinuka vizuri, na ukuta mrefu wa magharibi, unaotazama Mlima Elgon, aliuacha mweupe kabisa na madirisha manne. Alituambia ukuta huo hauhitaji kitu, weupe wake unatosha. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Wepukhulu, yeye alitaka wachorwe simba na twiga, kama kwenye shule za chekechea. Walibishana mikutano miwili. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu, kwa hivyo nayakumbuka yote.

Mvua ya Aprili ikamaliza ubishi. Alasiri upepo hushuka kutoka mlimani na kuipiga mvua ukutani. Maji yaliteremka kutoka pembe za madirisha, yakaacha michirizi ya kahawia, na kule chini tope jekundu liliruka hadi kufika magotini. Tulipaka rangi upya mwezi wa sita. Kufikia Agosti ukuta ulikuwa kama uso wa mtu aliyelia bila kujifuta.

Jumapili moja baada ya ibada tulisimama pale, kamati nzima, pamoja na Jepchirchir. Phelista alikuwa akipita na kikapu chake. Akasimama.

"Mnanisamehe," alisema. "Hiyo ukuta haina kitu ya kushika maji."

Mwalimu Wepukhulu akageuka. "Unasema nini, Mama Tonny?"

"Kwetu Myanga, mama alikuwa anaweka matuta chini ya dirisha, ya udongo, nyembamba tu. Maji inafuata ile tuta, inaenda kando. Na huku chini anapaka nyeusi, mkono mzima, ndio tope ikiruka isionekane. Watu walifikiri ni urembo tu. Ni urembo, lakini pia iko na kazi."

"Mama Tonny," mwalimu alisema kwa upole, "hayo ni mambo ya nyumba za matope. Hii ni simiti."

Phelista aliinua kikapu chake akaenda zake, na nikaona shingo yake imekakamaa. Jepchirchir alibaki akiutazama ukuta muda mrefu kuliko sisi.

Jumatano iliyofuata Jepchirchir alikwenda sokoni. Phelista alinisimulia baadaye kwamba alidhani msichana amekuja kununua kunde. Badala yake alichuchumaa kando ya magunia, akatoa daftari.

"Mama, nionyeshe hayo matuta yanavyoenda."

"Ati nikuonyeshe wewe? Si wewe ndio ulisoma?"

"Nilisoma, lakini ukuta wangu umechafuka."

Phelista akacheka. Akachovya kidole katika maji ya kunyunyizia mboga, akachora juu ya gunia mstari unaoanza pembeni mwa dirisha, unaopinda taratibu, unaokutana na mwingine, na yote miwili kuteremka pamoja. Jepchirchir aliuliza kwa nini unapinda, kwa nini usiende moja kwa moja. "Ukienda moja kwa moja maji inakimbia, inaruka nje," Phelista alimwambia. "Ukipinda, inatembea." Mchoro ulikauka kabla haujakwisha kunakiliwa, ikabidi auchore mara ya pili.

Jepchirchir alipoleta wazo hilo, kamati haikukubali ukuta wa maktaba uguswe. Lakini Mwalimu Wepukhulu, ambaye hapendi kuonekana mtu mgumu, alisema wajaribu mahali pengine, na mahali pengine palipokuwapo ni choo cha kanisa. Basi Phelista alirudi kwenye sanaa yake kwa kupamba choo. Watu walimtania sana. Yeye alikuja na Wabwile, fundi aliyejenga maktaba, wakakoroga simiti, chokaa, mchanga laini na udongo mwekundu uliochekechwa. Wabwile alishika mwiko, na Phelista akafuata nyuma yake kwa vidole vilivyovikwa mfuko wa plastiki, maana simiti inakula ngozi. Siku ya kwanza matuta yalipasuka. Akayabandua yote.

"Huu mchanganyiko umekauka haraka," alisema. "Udongo unangoja mtu. Simiti haingoji."

"Basi tufanye kidogo kidogo," Wabwile akajibu. "Mimi nipake futi tatu, wewe umalize, ndio nisonge mbele."

Walifanya hivyo siku nne. Walipomaliza, choo kilikuwa na matuta yaliyoachana kama majani ya muwa unaopepea, na mkanda mpana mwekundu chini, rangi ileile ya udongo wa pale. Watoto wa Shule ya Jumapili walianza kwenda chooni bila haja yoyote.

Mvua za Oktoba zilikuja kwa nguvu. Alhamisi moja kamati ilikuwa imekutana kanisani, Phelista naye ameitwa, mvua ikaanza saa tisa, na Jepchirchir akatuita tutoke. Tulisimama chini ya paa la baraza. Kwenye maktaba maji yaliteremka popote yalipotaka. Kwenye choo yalifika kwenye tuta la kwanza, yakaegemea, yakafuata, yakateremka pembeni hadi kwenye mawe. Tope liliruka likatua kwenye mkanda mwekundu, likapotea. Nilimtazama Phelista. Alikuwa amejifunga leso kichwani, mikono nyuma, na midomo ikisogea kidogo, kana kwamba anahesabu mistari yake mmoja mmoja.

Mwalimu Wepukhulu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama Tonny," alisema, "ile siku nilisema vibaya."

"Si kitu, mwalimu."

"Ni kitu bana. Hata mama yangu alikandika nyumba. Mimi ndio nilisahau."

Ukuta wa maktaba ulichukua wiki tano. Hapo ndipo wale wanawake wawili walipogombana hasa. Phelista alitaka matuta mengi zaidi, Jepchirchir alitaka nafasi nyeupe ibaki. Phelista alisema ukuta mtupu ni kama mtu asiyesalimu. Jepchirchir akasema ukuta uliojaa ni kama mtu asiyenyamaza. Mwishowe walikubaliana: matuta yaanze kwenye madirisha pekee, na katikati ya ukuta pabaki peupe. Jepchirchir aliongeza vizingiti vya madirisha kwa inchi mbili, ili kila tuta liwe na mahali pa kuanzia. Ukiangalia leo huwezi kusema sehemu ya mjenzi inaishia wapi na sehemu ya mchoraji inaanzia wapi. Jua la jioni likipiga kutoka upande, kila tuta linatupa kivuli chake chembamba, na ukuta unaonekana kama umefumwa.

Siku ya kufungua, dada yake Phelista, Dinah, alikuja kutoka Myanga. Aliufuata ukuta wote polepole, akigusa.

"Hapa umekosea," alisema, akionyesha tuta moja karibu na dirisha la tatu.

"Hapo Wabwile alipiga chafya."

"Mama angekubandulisha."

"Angenibandulisha," Phelista akakubali, na wakacheka mpaka wakashikana. Tuta lile halikubanduliwa. Watoto wameshalifanya lao, kila anayeingia hulipitishia kidole.

Phelista bado anauza mboga, lakini siku tatu tu kwa wiki. Siku nyingine anafundisha wanawake wanane wa kanisa, na mmoja wao ni mimi, ingawa matuta yangu bado yanavimba kama yamepikwa. Yule mwenye nyumba aliyemfutisha pambo alishafariki, na mwanawe ndiye aliyemwomba Phelista apambe upande wa mbele wa ploti yote ya nyumba zake za kukodi.

Februari Jepchirchir alimpigia simu kuhusu zahanati ndogo inayojengwa Naitiri. Nilikwenda nao. Hapakuwa na ukuta bado, palikuwa na vigingi na kamba kwenye shamba lililovunwa mahindi. Phelista alizunguka kiwanja, akasimama kwenye kona moja, akasema kama ukuta wa mahali akina mama watakapongojea ungesogezwa hatua mbili, ungekuwa mrefu wa kutosha kuchorwa vizuri, tena ungewakinga na upepo. Jepchirchir alifungua ramani juu ya boneti ya gari, akapima, akapima tena.

"Inawezekana," alisema.

Wabwile alilalamika kwamba vigingi alikuwa amevipiga asubuhi hiyohiyo. Kisha akaenda kuvichomoa.