Mtoto Aliyeogopa Kujua Kusoma

Nakumbuka, mwanangu, siku moja niliyoamua kwa akili zangu timamu kuwa mjinga. Nilikuwa na miaka kumi na moja, tunakaa Rinkeby, pembeni ya Stockholm, Uswidi, miaka ya themanini hiyo, na nje theluji ya mwisho imeshakuwa tope. Nakusimulia kwa sababu umeanza kazi ya kusaidia watoto wanaobaki nyuma darasani, na kesho, umeniambia, unakaa kikao chako cha kwanza cha kuamua kama mtoto fulani aendelee kusaidiwa au basi. Vikao hivyo mimi nimevikaa nikiwa ndiye ninayejadiliwa, kwa hiyo nivumilie.

Tuliishi wawili tu, baba na mimi. Mama alikuwa Morogoro akisubiri karatasi zake, na karatasi hizo hazikuwa na haraka na mtu. Baba alikuja Stockholm kwa mafunzo ya ufundi, mafunzo yakaisha, akapata kazi ya kuosha mabehewa ya treni za chini ya ardhi. Mimi nikirudi shule yeye anatoka, akirudi mimi nimelala, asubuhi naondoka yeye anakoroma. Tulipishana mlangoni kama wapangaji. Jioni nilikula peke yangu, nikawasha televisheni ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Shuleni hakuna aliyenitesa, nisiwasingizie watoto wa watu. Hawakuniita tu. Wakati wa mapumziko nilisimama kwenye chuma cha kupasha joto pale ukutani, nikijifanya mikono ina baridi, mpaka kengele ilie. Nilikuwa mpweke, mwanangu, na sikujua kama hali hiyo ina jina.

Na kusoma nako kulinishinda. Herufi zilinichezea, nikishika hii, ile imehama. Siku hizi mna jina lake na vipimo vyake. Wakati ule shule ilikaa na baba ikapanga hivi: mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, nitolewe darasani, nikae na mwalimu wa lugha yangu anielezee masomo kwa Kiswahili na kunisomesha taratibu, na mwisho wa muhula wakae tena waone kama inasaidia. Mpango mzuri, siukatai.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Mwalimu Perpetua, mama wa makamo kutoka Bukoba, aliyevaa koti la kiume lililomfika karibu na visigino. Alizunguka shule kwa shule, leo Vällingby, kesho Norsborg, mtoto mmoja hapa, mmoja kule, akila mkate wake ndani ya treni. Chumba chake mwenyewe hakuwa nacho popote. Kwetu tulipewa chumba cha nesi siku ambazo nesi hayupo, tukasoma katikati ya mizani na lile bango la kupimia macho. Kabla hajafungua kitabu aliniuliza, "Jana umekula nini?" Nikisema mkate, anaguna. "Mkate na nini? Na hewa?" Basi hapo tutaongea weee, ananitania, ananisuka huku nasoma, nami namcheka anavyotamka Kiswidi. Wiki yangu ilikuwa na siku mbili tu, zilizobaki zilikuwa za kungojea.

Polepole herufi zikatulia, na hapo ndipo hofu ikaniingia. Pale shuleni alikuwepo mvulana wa Burundi, Désiré, naye akisaidiwa na Mwalimu Perpetua. Kikao chake kilipofika akasoma vizuri, wakubwa wakampa mkono wa hongera, na tangu wiki ile Mwalimu hakuja kwake tena. Nikajumlisha mwenyewe: hapa ukipona, unanyang'anywa daktari.

Zamu yangu ikafika. Alikuwepo mwalimu mkuu, na mwalimu wangu wa darasa, ambaye sisi watoto tulimwita fröken, na baba aliyekatiza usingizi wake, na Mwalimu Perpetua. Fröken akaniwekea kitabu mbele kwa upole. Ukurasa ule niliujua. Nikaanza kujikwaa makusudi. Neno ninalolijua nalivunja, mstari nauruka, mwisho nikainamisha kichwa nikanyamaza.

Nilidhani watasema nizidishiwe saa. Thubutu. Mwalimu mkuu alisema kwa masikitiko kwamba msaada huu haujanifaa, na kisichofaa hakina sababu ya kuendelezwa. Bora nihamishiwe darasa dogo katika shule nyingine, kwa mwalimu mwingine, Mswidi, na saa za Mwalimu Perpetua zikome. Baba akaitikia kwa kichwa, maana kwenye ofisi za watu aliitikia kila kitu. Nilikuwa nimempoteza kwa njia ile ile niliyodhani itambakiza.

Mwalimu Perpetua akaomba atoke nami kidogo. Tukasimama kwenye korido, penye kibenchi cha kuvulia viatu.

"Jumatatu ulinisomea ukurasa huu huu, tena ukanicheka. Leo umepatwa na nini?"

"Nikisoma, hutakuja tena."

Alikaa kwenye kile kibenchi cha watoto, magoti yakamfika kifuani. Akanikemea sawasawa, kwa sauti ya chini.

"Sikiliza, binti. Hao waliomo ndani wanatibu kusoma. Hawajui kama una upweke, kwa sababu hujawaambia. Umewaonyesha mguu mzima, wanaufunga bendeji, kumbe kinachouma ni kichwa. Unataka wapige ramli?"

"Na wewe utaondoka."

"Nitaondoka," alisema. Hakunidanganya, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Hata mimi sipendi. Unadhani nikitoka hapa ninaongea na nani? Lakini siwezi kukuacha uwe mjinga ili mimi nipate mtu wa kuongea naye. Ingia usome. Kisha useme kinachouma."

Tulirudi ndani. Nikasoma ukurasa mzima, na uliofuata bila kuombwa. Halafu nikasema kwa Kiswidi, macho yapo mezani, kwamba sina mtu wa kuongea naye, shuleni sina na nyumbani sina.

Baba, ambaye Kiswidi chake kilikuwa cha kazini tu, akamgeukia Mwalimu. "Amesema nini?"

"Muulize mwenyewe, baba. Ni mwanao, na Kiswahili anakijua."

Nikamwambia. Akaniuliza, "Mbona mimi hukuniambia?"

"Unakuwa umelala, baba."

Sikusema kwa kumlaumu. Lakini baba yangu alilia mbele ya wale Waswidi, na sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile.

Sikuhamishwa shule. Mpango wakaupanga upya, safari hii wakiniuliza na mimi. Fröken akaniketisha na msichana wa Kifini aliyependa kuchora, na wakaahidi kwamba baada ya likizo ya kiangazi watakaa tena, na wa kwanza kuulizwa niwe mimi. Kazi ya baba haikubadilika, ila alianza kuamka nami asubuhi, macho mekundu, tukanywa chai. Na Mwalimu Perpetua aliondoka kweli. Nililia mle chumbani kwa nesi, na Alhamisi zilinikaa vibaya kwa muda mrefu. Yule msichana wa Kifini alikuwa mwema, lakini hakuwa Mwalimu.

Basi, mwanangu, kesho watakuuliza kama msaada umefanya kazi. Wajibu. Lakini usiinuke kabla hujamgeukia mtoto ukamuuliza: hiki tukikiondoa, unabaki na nani? Muulize yeye, na umwache anyamaze mpaka apate neno. Mtoto aliyerudi nyuma ghafla usikimbilie kusema ni mzito. Huenda kuna kitu amekishika, hataki kukiachia. Na usimng'ang'anie mtoto kwa sababu wewe ndiye unayemhitaji, hilo nalo hutokea.

Mwaka jana nilipovunjika nyonga, binti wa manispaa alikuwa akija kuangalia ninavyotembea. Siku nilipoweza, nilitamani kuchechemea, mtu mzima mimi, wajukuu ninao. Nikamwambia: nimepona, mama, ila ningefurahi ukikaa kidogo tuongee. Akatazama saa yake, akakaa.

Mungu akutangulie kesho. Akupe subira ya kumngoja mtoto aseme, na moyo wa kumwachia aende. Na siku upweke utakapokufika wewe, maana utakufika, akupe mdomo wa kuusema ukiwa mzima. Nenda, mwanangu, baraka zangu unazo.