Jiwe la Kuoshea Miguu

Juma lililopita tonton, mdogo wake mama, alinipigia simu niende Nyantende kutia sahihi. Anauza kipande cha mwisho cha shamba la bibi, ile migomba nyuma ya nyumba, katikati yake alikozikwa bibi mwenyewe, na mnunuzi anataka jina la kila mjukuu kwenye karatasi. Nilipanda pikipiki Nguba, mtaa wa mjini ninakokaa, huku nimefura kwa hasira. Nikamwomba motari anishushe kwenye kijito, pale mji unapoishia.

"Kijito gani, maman? Ville haiishie hapa. Iko inaendelea tu."

Wewe uliyekulia huku, rafiki yangu, nisaidie kukumbuka, nisije nikadhani niliota. Kijito kilikuwepo. Kando yake palikuwa na jiwe pana, limelainishwa na makalio ya watu wa Nyantende nzima. Siku ya soko tulishuka peku, bibi mbele na kikapu cha maharage mabichi mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso, mimi nyuma na viatu vyetu vyote vikining'inia shingoni. Tulikaa juu ya jiwe, tukaosha potopoto, matope yale ya njiani, tukasugua miguu kwa majani mpaka nyayo zikawaka, ndipo tukavaa viatu. Hapo ndipo mji ulipoanza. Jioni tulirudi na sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikinukia ndani ya jani la mgomba, na tulivua viatu palepale. Bibi alikuwa na neno lake: "Potopoto ya shamba haiingie mu ville, na kiburi ya ville haiingie kwangu."

Siku moja nilikaidi. Nilikuwa na viatu vipya vyeusi, nikavuka navyo hadi nyumbani ili watoto wa jirani wavione. Bibi hakunipiga. Alinipa jembe tu. "Umeleta ville mu shamba? Basi, lima nayo." Nililima kwa viatu hadi soli ya kushoto ikaachama kama mdomo, na jirani akacheka mpaka akaketi chini. Usiku ule nilikula bugali na sombe, majani ya muhogo, nikiwa nimenuna, na bibi akaniongezea samaki.

Sasa kijito kimelazwa chini ya ukuta wa mtu, kinatokea upande wa pili kikiwa cheusi, kimejaa sashe, vile vifuko vya plastiki. Jiwe silioni. Labda liko ndani ya msingi wa nyumba fulani. Nilitembea kwa miguu hadi kwa bibi, nyumba juu ya nyumba, na hasira ikanipanda kwa kila hatua. Mji gani huu usio na bomba wala taa? Na shamba gani hili, ambapo mwanamke wa Nyantende anakwenda dukani kununua maharage ya Rwanda kwa kikombe?

Tonton alikuwa ananingoja na kalamu mkononi.

"Na kaburi ya koko?" nikamuuliza. Ndivyo tulivyomwita bibi.

"Tutaihamisha. Hapa ni ville sasa, mutoto yangu. Mutu halime mu ville." Akanitazama miguu. "Na wewe, siku gani ulishika jembe?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Tangu tumzike sijarudi hata kupalilia. Nimekaa Nguba nikililia shamba ambalo wengine wanalifyeka, na nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye. Lakini sikutia sahihi. Nilimwambia asubiri mpaka nife na mimi, anihamishe pamoja na bibi. Akasema jina langu si la lazima, watapata namna. Najua watapata.

Nilivua viatu, nikavifunga kwa kamba na kuvitundika shingoni, mama mzima na mvi zangu, nikaingia migombani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nilimsafishia bibi kaburi kwa mikono, nikang'oa magugu na kuokota vipande vya chupa vilivyorushwa kutoka kwa majirani wapya, mpaka jua likainama. Tonton alisimama kando na karatasi yake.

Nilirudi Nguba peku. Watu walinitazama, nikawatazama pia. Niliingia sebuleni kwangu na udongo wa Nyantende hadi kwenye vifundo, juu ya sakafu niliyoipiga deki asubuhi, kwa sababu njia nzima sikuona mahali pa kuoshea miguu.