Karatasi Niliyojidai Kuisoma

Ipo siku moja, mwanangu, siisahau. Mpaka leo nikishika boksi la dawa naikumbuka yote. Nilikuwa kidato cha tatu, nasoma bweni huku Kibaha, nimerudi kwetu Vihingo likizo. Wakati ule msichana wa sekondari pale kijijini nilikuwa peke yangu, na wallahi nilijisikia! Natembea kama barabara nimeichonga mimi.

Shangazi yangu Zaituni, aliyenilea tangu mama afariki, alikuwa ametoka hospitali. Mguu ulimvimba, damu imeganda ndani, wakampa vidonge vya kuzuia damu isigande. Muuguzi alimweleza, lakini shangazi kwa woga hakushika hata nusu. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi, Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Basi akanisubiri mimi. Akaita na majirani wawili waje wasikie mtoto wake anavyosoma.

"Haya mama, nisomee. Nataka kujua kimoja tu: magoti yananiuma, naweza kuvimeza na zile aspirini zangu za dukani?"

Nikaikodolea macho karatasi. Jamani, sikuelewa kitu! Nilitakiwa niseme sijui, basi, yaishe. Lakini majirani wananitazama, na shangazi anatabasamu vile. Mara nikaliona neno moja ninalolijua, aspirini, limekaa katikati ya mstari. Nikadhani zimetajwa kwa sababu zinakwenda pamoja.

"Meza tu, shangazi," nikasema. "Tena zimeandikwa humu humu."

Jirani mmoja akanipigia kigelegele. Siku ya tano shangazi akatapika damu.

Tulimkimbiza hospitali kwa gari la mkaa. Daktari akaichukua ile karatasi, akaweka kidole palepale kwenye neno langu. "Mbona imeandikwa asimeze aspirini, zikikutana tumbo linavuja damu? Nani aliyemruhusu?"

Mimi na mdomo wangu wote huu, nikajidai naikunja khanga ya shangazi. Shangazi, kalala pale midomo imemkauka, ndiye aliyejibu.

"Usimgombeze mtoto, daktari. Alinisomea vizuri, akanikataza. Mimi ndiye mkaidi."

Alipona, alhamdulillahi, lakini nguvu za kushika jembe hazikumrudia. Wala hakuwahi kunigusia jambo lile. Kila likizo nilisema safari hii namwomba radhi. Nikifika naona aibu, nasogeza mbele. Mwaka niliomaliza shule akafariki. Nimezeekea hapa Mbwawa, na yale maneno bado ninayo mdomoni, sina wa kumwambia. Inaniuma, mwanangu, inaniuma sana.

Sasa wewe una simu. Unaandika jina la dawa, yanakuja maelezo kibao, mengine kwa Kiswahili kabisa. Yasome, sikukatazi, na karatasi ya kwenye boksi usiitupe. Ila usidake neno moja unalolijua ukaacha mstari mzima. Pakikushinda, beba hiyo karatasi na dawa zote zinazotumika nyumbani, za dukani na hata za miti shamba usizifiche, umwendee daktari au mfamasia umwambie, hapa sijaelewa, nieleze taratibu. Akikuona mjinga, shauri yake. Na mzee wako akikwambia nisomee, nawe hujui, mwambie hujui, hata kama nyumba imejaa wageni. Aibu yake ni ya dakika mbili tu. Hii yangu naijua mwenyewe.

Mola akukinge na maradhi, mwanangu. Akupe watu wa kukupenda kama shangazi alivyonipenda mimi, na siku ukiwakosea, akupe moyo wa kuwaomba radhi wangali wanasikia.